Nilirudisha mbege ya baba mkwe kwa sababu ya mawe kwenye figo, nusura nikose mke

Wakuu, habari za humu. Sogeeni niwape yaliyonikuta, na hii siyo chai. Aliyewahi kuumwa mawe kwenye figo atanielewa kabla sijafika katikati.

Mimi ni mtu wa Singida, fundi wa pampu za kumwagilia kwenye mashamba ya miwa huku tambarare chini ya Moshi.

Joto la huku si la kitoto. Nanywesha miwa kutwa nzima, mwenyewe maji nilikuwa sigusi. Kiu ikinibana, soda. Jioni mishkaki, na chumvi naongeza kabla hata sijaonja.

Siku moja kiuno kikanishika upande mmoja, maumivu yakashuka mpaka kinenani. Nililia wakuu, mbele ya vibarua, na sioni aibu kusema.

Hospitali wakapiga ultrasound, wakaona jiwe dogo. Nikapewa dawa za maumivu na maji mengi, likatoka lenyewe. Hapo naruka, wengine mnakula.

Dokta akanipa masharti. Ninywe maji ya kutosha mpaka mkojo uwe karibu hauna rangi, na nikipenda nikamulie limao. Chumvi na nyama nipunguze, soda niachane nazo. Nilidhani atakataza na maziwa, akasema niendelee nayo tu pamoja na chakula.

Kuhusu pombe, alisema nisidanganywe kijiweni kwamba inasafisha figo, inakausha mwili. Mimi nikasikia hata tone ni marufuku.

Sasa balaa. Wiki iliyofuata tulikuwa tunapanda Old Moshi kwa kina Aika, mchumba wangu, kupeleka posa. Nilimpenda yule dada kweli kweli, na nilijua baba yake hajamkubali sana mkwe wa kutoka mbali.

Tukafika, shikamoo zikaenda, tukakaribishwa mgombani. Mzee akajaziwa mbege, ile pombe yao ya ndizi, kwenye kata, kile kibuyu cha kunywea. Akapiga funda moja, akanipa kwa mikono miwili.

Nikaipokea, nikamrudishia. Nikasema asante baba, mimi situmii.

Mshenga wangu, naye wa Singida, akabaki ananitazama tu.

Kumbe kule mwenyeji huonja kwanza ili mgeni ajue pombe haina sumu. Ukiirudisha wakati yeye ameshaonja, ni kama umemwambia bado humwamini. Hilo hatukulijua, si mimi wala mshenga.

Mzee akaiweka kata chini taratibu.

"Kijana, umekuja kuoa kwa watu unaowaogopa?"

Niliona mke anaondoka hivi hivi.

Aika alikuwa jikoni na shangazi zake. Akatoka bila kuitwa, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, huyu anaumwa figo. Mimi ndiye niliyemshika mkono akilia hospitali. Hajakukataa wewe, anaogopa yale maumivu."

Basi shangazi mkubwa akataka kujua kila kitu. Jiwe lilitokea wapi, nakula nini, mkojo sasa hivi una rangi gani. Wakuu, nimeeleza rangi ya mkojo wangu mbele ya ukoo mzima. Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mzee hakucheka. Akaagiza kata isuuzwe, ijazwe maji, likamuliwe limao. Akapiga funda, akakunja uso kwa uchachu, kisha akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Haya mwanangu, kunywa."

Nilikunywa yote. Machozi yalinilenga, na sikuyasingizia limao. Posa ikapokelewa jioni ile ile, na hakuna mgeni aliyeomba kuonyeshwa choo mara nyingi kama mimi.

Niliporudi kliniki nikamsimulia dokta. Alicheka sana, akasema funda moja la heshima lisingenidhuru, yeye alikuwa anakataza kulewa.

Nilichojifunza: kama kazi yako ni ya jua na jasho, kunywa maji kabla kiu haijakukumbusha, na chumvi ipunguze. Masharti ya dokta ukiwa hujayaelewa, uliza pale pale. Na ukweni tuma taarifa mapema, usisubiri kata ifike mkononi.

Aika sasa ni mke wangu. Asubuhi sivuki mlango bila dumu la maji, na ninyi mnaoujua ubishi wa mke wa Kichagga, mnadhani nina pa kukatalia?

Haya, mliopitisha jiwe na mliopitia ukweni, karibuni mtiririke.