Picha Iliyotangulia Jeneza

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, na niseme mapema kwamba ni mtu wa mbwembwe. Sijui kusoma kitabu nikiwa nimeketi. Kile cha ndizi iliyokataa kupakiwa kwenye lori la Nairobi nilikuwa nakisoma nikiwa nimejifunga majani makavu ya mgomba kiunoni, nikigombana na dereva ambaye hayupo, mpaka walimu wa madarasa mengine wanakuja kuchungulia dirishani. Mume wangu husema nilizaliwa nikajipigia makofi mwenyewe. Aseme tu. Watoto wa huku kwetu Kisii hawajachorewa mambo mengi ya kupendeza, na nilipoanza kazi hii niliapa kwamba kitabu changu hakitalala kabatini kikingoja mkaguzi.

Kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha malkia anayekamua mawingu. Nilikichora nikiwafikiria watu wa Nyansiongo hasa, maana kule ng'ombe wa maziwa ndiye karo, ndiye hospitali, ndiye kila kitu. Malkia anaamka alfajiri, anapanda ngazi ya mianzi, anayafunga mawingu miguu kwa kamba na kuyakamua, na mvua inashuka kwenye ndoo. Kurasa zake zinafunguka kama pazia. Ukivuta karatasi huku, wingu linarusha teke kule. Nikatengeneza na barakoa ya malkia kwa katoni na gundi ya unga wa ngano, mashavu ya buluu, taji la manyoya ya kuku, yenye kufunika uso wote. Kila shule niliyokwenda nilimwita mtoto mmoja aivae na kuigiza huku mimi nasoma.

Katika shule moja ya msingi kule Nyansiongo alijitokeza msichana wa gredi ya tatu. Wee! Nimeona watoto wakiigiza, lakini huyo alikuwa kitu kingine. Wingu lilikuwa godoro kuukuu nililolifunga shuka. Alilipiga kofi mgongoni, akalisogeza kwa goti, akaligombeza kwa Ekegusii, lugha yetu, kama mtu aliyechoka na ng'ombe msumbufu, darasa likacheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye dawati. Mwishoni barakoa ikavuliwa, na chini yake nikaona uso unaotiririka jasho, pengo la meno ya mbele, kishimo shavuni, kicheko mpaka masikioni. Uso huo nilikwenda nao nyumbani. Nilimwambia mume wangu jioni ile ile kwamba lazima nitauchora siku moja.

Jambo ambalo sikulijua, na nililokuja kulijua kwa uchungu, ni kwamba watoto walikuwa wamebadilishana. Katikati ya hadithi malkia huenda nyuma ya pazia kuchukua ndoo nyingine, na pazia lenyewe ni leso mbili nilizotundika mlangoni. Hapo yule msichana alimvisha rafiki yake barakoa ili naye aonje umalkia. Darasa zima liliona. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, napayuka sauti ya radi.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi, mwalimu mkuu wa shule ile akanipigia simu. Yule malkia wangu amefariki. Nimonia, siku tatu tu. Mamaye ni mchuma majani chai, hana mtoto mwingine, na simu yake iliibwa sokoni Kisii siku za Pasaka, ikaenda na picha zote za mtoto. Shule ilikuwa na picha mbili peke yake, zote za siku niliyokwenda mimi, na kwa zote mbili mtoto amevaa barakoa.

Sasa mtu wa mbali anaweza kuuliza, picha ya nini, si azikwe tu? Kwetu maiti hatoki mochari bila picha. Picha hutangulia. Iko kwenye kioo cha gari linalobeba jeneza, iko kwenye jalada la kijitabu cha mazishi ambacho kila mwombolezaji hupewa, iko kwenye fremu mbele ya msafara. Asiye na picha anazikwa kama mtu aliyeokotwa. Mwalimu mkuu akaniuliza kama naweza kumchora kwa kumbukumbu, mama apate uso wa kumuaga mwanawe.

"Namkumbuka kama jana," nilimwambia.

Nilichora kutwa nzima hapa nyumbani mjini, nalia nachora, nachora nalia. Nilipaswa kufanya nini? Hata mtoto mchanga anajua. Nilipaswa kwenda kwanza kwa mama, niketi naye chini, nimuulize paji lilikuwaje, macho yalikuwaje. Lakini mimi na mbwembwe zangu! Nilitaka niingie na kazi iliyokamilika. Na niliingia nayo imefunikwa kitambaa cheupe, nikaisimamisha juu ya meza katika ile nyumba ya msiba, wanawake wamekaa kwenye mikeka kila upande, halafu nikavuta kitambaa. Naona haya hata kuandika.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa hajalala siku nne. Akainuka, akagusa lile shavu kwa kidole.

"Hapa alikuwa na kishimo?" akauliza.

"Akicheka, mama, kinatokea. Nilikiona kwa macho yangu," nikasema.

Mungu anisamehe. Nilimfundisha mama uso wa mtoto wake mwenyewe. Akanitazama, akawatazama wanawake, lakini wengi walikuwa jamaa waliotoka mbali na mtoto walimwona mara moja moja. Mwishowe akasema, "Asante, mwalimu." Kisha akaangua kilio, nyumba nzima ikalia naye, na mimi nikasimama pale kichwa kimenivimba nikidhani ni kazi yangu imewagusa.

Walizika Alhamisi. Picha yangu ilikuja mbele ya gari, ikashushwa, ikawekwa juu ya jeneza pale uani karibu na migomba. Vijitabu vikagawanywa. Wanafunzi wenzake walikuja na sare zao kuimba, na hao ndio walioanza. Niliwaona wananong'onezana, wanaangalia kijitabu, halafu wanageuka wote kumwangalia mmoja wao katika mstari wa pili. Huyo mmoja alikuwa amekodoa macho. Alikuwa na pengo la meno na kishimo shavuni.

Kabla sijaelewa, mwanamke mmoja akapasua umati.

"Yaya! Yaya!" akapiga ukelele, yaani hapana, hapana. "Huyo ni wangu! Nani ameweka mtoto wangu juu ya sanduku? Wangu yuko hai!"

Alinyakua fremu ile akaibamiza chini, kioo kikatawanyika. Akamshika mtoto wake mkono, akawa anamgusa kichwa, mabega, tumbo, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna kilichopungua. Mtoto naye analia, anasema, "Tulibadilishana, mama, tulibadilishana tu." Kwa watu wetu hilo si kosa la kuchekea. Uso wa aliye hai ukishaingia kwenye jeneza la mwingine, nani atakuambia usiogope? Pasta akaomba watu waweke vijitabu chini kifudifudi, vikawekwa, na yule mama akaondoka na mwanawe akikatiza shamba la mahindi bila kutazama nyuma. Nilisikia baadaye kwamba alimpeleka kwa nyanya yake Nyacheki na hajamrudisha shule ile.

Mtoto wa watu akazikwa bila uso. Mimi nilisimama huku nyuma, na hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Nilikaa wiki tatu sishiki penseli. Halafu nikajikaza nikarudi Nyansiongo peke yangu, bila kitambaa, bila maneno mengi, nikiwa na karatasi na kifutio tu. Mama alikuwa ametoka tu shambani, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa chai. Alinipokea vizuri, na hilo liliniumiza zaidi. Akanitolea kigoda, tukaketi nje.

"Mama," nikamwambia, "leo wewe sema, mimi nichore. Sitatia neno."

Akafumba macho. "Paji lake lilikuwa..." akaanza, akanyamaza. "Macho yalikuwa..." Mimi nilikuwa nimechora duara la kichwa na masikio, basi. Nilingoja. Machozi yalikuwa yanamtoka mama chini ya kope zilizofungwa.

"Mwalimu, haji," akasema.

"Nani haji, mama?"

"Mtoto. Kabla ulete ile picha nilikuwa namwona vizuri, hata usingizini. Sasa nikifunga macho anakuja huyo mwenye kishimo, ananicheka. Nikimfukuza anarudi. Wangu simpati."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemweleza daktari mahali panapouma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba msamaha, nikaomba tena, akatikisa kichwa kwamba niache.

Kisha akafungua macho, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona kama ana tumaini.

"Lakini wewe ulimwona," akasema. "Siku ile alipokuja mbele, kabla hujamvalisha hicho kitu. Alikuwa karibu na wewe kabisa. Niambie wewe, mwalimu. Uso wake ulikuwa unakaa aje?"

Nilitafuta. Mungu ni shahidi, nilitafuta. Nilikumbuka kola ya sare iliyochanika. Nilikumbuka nikimfunga kamba kisogoni kwa mikono yangu hii miwili. Uso wake sikuwa nimeutazama; nilikuwa nalitazama darasa, nione kama wananitazama mimi.