Mkono wa Sweta

Mtaani kote alijulikana kwa jina la Bi Futi, kwa sababu futi ya kitambaa haikubanduka shingoni mwake hata alipokwenda kununua vitunguu. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba watu wa nyumbani kwake hakuwapima kamwe. Mteja alipimwa bega, kifua, kiuno na mkono, tarakimu zikaandikwa katika daftari lenye jalada la buluu. Mume na binti walikatiwa nguo kwa macho tu.

"Mtoto wako unampima wa nini?" aliwauliza wateja walioshangaa, pini zikiwa zimebanwa midomoni. "Huyu nilimshona mwenyewe."

Basi familia ilipokubaliana kwenda kushinda Jumapili moja kwa mdogo wake, katika mji mdogo wa milimani, Bi Futi alimshonea binti yake gauni jipya la pamba, rangi ya ganda la limau, pasipo hata kumwita asimame mbele yake. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano. Gauni lilipigwa pasi Jumamosi, likatundikwa mlangoni, na kila aliyepita alilazimika kugeuza bega ili alipishe.

Ukweli, ambao Bi Futi asingeukiri hata kwa mumewe, ni kwamba gauni lile halikushonwa kwa ajili ya binti peke yake. Lilishonwa lionekane na mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana ya mji ule. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na rafu tatu za vitabu, nyumba ya vyumba viwili, na tabia ya kumuuliza mtoto swali kisha akanyamaza kweli kungoja jibu. Binti alipozaliwa, mama yake mdogo huyo alikuja kusaidia kwa wiki tatu, na mtoto akawa hanyamazi ila mikononi mwake. Watu wazima hulicheka jambo kama hilo. Bi Futi naye alilicheka, akalitia moyoni, na miaka kumi na mitano baadaye lilikuwa lingali humo, halijapungua hata uzi mmoja.

Walisafiri kwa gari la kazi la mumewe, ambaye alikuwa fundi umeme, binti akiwa ameketi nyuma kati ya mabunda ya nyaya na ngazi iliyokunjwa. Barabara ilipanda kwa kona zisizokwisha. Masikio yakaziba, yakazibuka. Kila kona ubaridi uliongezeka kidogo, na kila kona binti alivuta mikono ya gauni lake, mara wa kushoto, mara wa kulia.

"Kaa wima," mama alimwambia bila kugeuka, maana alimwona kwenye kioo. "Ukijikunja hivyo hata nguo ya malkia itakubana."

"Sawa, mama."

"Kwani linakubana?"

"Hapana, mama."

"Mwache mtoto apumue, mke wangu," alisema mume.

"Anapumua. Nafasi ya kupumulia niliiacha mimi mwenyewe pale kifuani."

Mji wenyewe ulikuwa umeng'ang'ania ubavu wa mlima kama kupe: mapaa ya bati yaliyopandana, ngazi za mawe badala ya vichochoro, na ukungu uliokuwa ukiingia madukani bila hodi. Mwalimu aliwapokea getini, amevaa viatu vya mpira.

"Shikamoo, dada. Shikamoo, shemeji. Jamani! Mmekuja milimani na nguo za jua?"

"Marahaba," alijibu Bi Futi. "Sisi hatuogopi baridi."

Meno ya binti, kwa bahati mbaya, yalikuwa yakigongana. Mama mdogo alimshika mashavu kwa viganja viwili, akaingia ndani mbiombio, akatoka na sweta la sufu la kijani kibichi alilolifuma kwa mkono wake.

"Nilikuwa nalificha mpaka saa ya chai, lakini utakufa kabla. Vaa."

Binti akalivaa juu ya gauni. Hapo ndipo Bi Futi alipoliona jambo ambalo mwenzake asiye fundi asingeliona. Mwili wa sweta huwasamehe wote. Mnene na mwembamba huliingia wakatoka na heshima zao. Mkono hausamehe. Mkono wa sweta lile ulianzia pale bega lilipoishia, ukashuka bila kukunjamana, ukakomea kwenye kifundo cha kiganja, si juu yake wala chini yake. Mdogo wake hakuwa amemwona mtoto kwa mwaka na miezi miwili. Hakuna macho duniani, hata yale ya fundi wa miaka ishirini na miwili, yanayoweza kukisia mkono kwa usahihi ule. Mtoto alikuwa amepimwa. Mtoto alikuwa amejipima, huenda kwa futi ya mama yake mwenyewe, akatuma vipimo huku juu kwa siri.

"Limekukaa," Bi Futi alisema.

Walitoka kuutembelea mji. Mwalimu na binti walitangulia, wameshikana mikono, wakizidiana kuongea; mume na mke wakafuata. Ngazi zilikuwa na utelezi, na Bi Futi, aliyevaa viatu vya kupendeza, ilimbidi autazame kila mguu kabla ya kuuweka, kwa hiyo maneno ya mbele yalimfikia vipande vipande: maktaba, bweni, maabara, muhula. Alijaribu kujiambia kwamba mwalimu huongea habari za shule kama vile fundi anavyoongea habari za vitambaa. Kisha binti akacheka, na kicheko chenyewe, kile cha kuanza kwa kukoroma kidogo puani, kilikuwa cha mdogo wake mtupu.

"Wanapendana, hawa," alisema mume, kwa nia njema kabisa.

"Naona."

Kwenye duka la vifaa vya shule mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwatazama wale wawili wa mbele akatabasamu.

"Mwalimu! Huyu ni nani? Mmefanana mpaka basi."

"Huyu? Huyu ni mwanangu."

Hakuna aliyekosea hapo. Mtoto wa dada ni mwana, na ni Bi Futi mwenyewe aliyemfundisha binti yake, tangu alipoanza kutamka, kusema "mama mdogo" kwa heshima zote. Ila neno lile lile alilolipanda kwa mkono wake sasa lilimchoma kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo. Alingoja mdogo wake ageuke aseme, "na huyu ndiye mama yake." Mwalimu alikuwa tayari ameshaanza kuulizia chaki.

Waliporudi nyumbani, chai ikamiminwa. Bi Futi alilishika birika la moto kwa mikono yote miwili, kisha akaliweka chini.

"Mmeanza lini kuandikiana?"

"Nani, dada?"

"Wewe na huyu. Msinione mjinga. Mkono wa sweta haukisiwi. Mtoto alijipima, akakuletea vipimo, na mimi mama yake nalala naye nyumba moja sijui kitu."

"Mama, mimi sikujipima," binti alisema, macho yamemtoka.

"Uongo nao umejifunza?"

Mume akakohoa. Alikuwa na kikohozi maalumu cha mtu aliyekata waya usiostahili kukatwa.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyepima. Shemeji aliniomba, alitaka kumshtukiza mtoto. Sasa futi yako siwezi kuigusa, iko shingoni mwako. Nikamwambia asimame ukutani, anyoshe mkono, nataka kujua swichi ya taa niiweke wapi aifikie vizuri. Nikatia alama za penseli begani na kiganjani, halafu nikapima ukuta kwa futi yangu ya chuma. Si zile alama za ukutani ulizonigombezea?"

"Na swichi mpaka leo sijaiona!" binti alisema, na mama mdogo akaangua kicheko, na binti naye, ule mkoromo wa puani mara mbili kwa pamoja.

Hapo palikuwa pahali pa kucheka na wenzake na kuomba radhi. Bi Futi alipaona wazi, kama mtu anavyouona mlango ulio wazi. Lakini wivu aliokuwa ameubeba tangu asubuhi, na pengine tangu zile wiki tatu, haukukubali kurudishwa mikono mitupu.

"Na kuhamia huku je? Hilo nalo ni swichi? Nimesikia maneno yenu njiani, bweni, maktaba, muhula. Unataka kunichukulia mtoto, sema mbele yangu."

Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu.

"Dada, haki ya Mungu, nilikuwa nikimweleza shule yetu ilivyo. Sikusema neno la kuhamia."

Binti hakuwa akimtazama mama mdogo. Alikuwa akimtazama mama yake, kwa mshangao wa mtu aliyeonyeshwa chumba ambacho hakujua kama kimo nyumbani.

"Mama," alisema polepole, "inawezekana?"

Ikambidi Bi Futi aelewe kwamba wazo lile halikuwako asubuhi, halikuwako dukani, na kwamba kati ya watu wanne waliokuwapo pale mezani aliyelileta ni yeye.

"Kwa nini utake?" aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyokusudia.

Binti alivua sweta. Akanyosha mikono. Gauni la rangi ya limau lilikomea vidole vinne juu ya kifundo, na kwapani mshono ulikuwa umeanza kufumuka.

"Lilinibana tangu nyumbani," alisema. "Uliniuliza, nikaogopa kukwambia. Kila kitu unakijua wewe kwanza, mama. Ningesemaje?"

Bi Futi alizitazama zile inchi zilizopungua. Mwaka mzima zilikuwa zikiongezeka mbele ya macho yake, meta mbili kutoka alipoketi. Alitamani kusema kwamba pamba hurudi ikapungua ikifuliwa, ila gauni lilikuwa jipya.

"Chumba kipo," mwalimu alisema kwa hadhari, "lakini mwenye kauli ni wewe, dada."

Ungekuwa ugomvi angejua la kufanya. Heshima ile ilimnyima hata sababu ya kukasirika.

"Amalize muhula huu kwanza," alisema hatimaye. "Unaofuata aje. Mwaka mmoja, kisha tutaona." Na wakati binti alipomrukia shingoni, alijikuta akiomba kimoyomoyo kwamba shule ile iwe imejaa.

Walianza kuteremka mapema, ukungu haujafunga barabara. Safari hii Bi Futi aliketi nyuma, kati ya nyaya na binti yake, magoti yakigusa ngazi. Mume aliongea peke yake kuhusu breki. Baada ya kona kadhaa binti alimwinamia sikioni.

"Mama, nitalalaje kule? Nimezoea kulala nikiisikia cherehani yako. Kukiwa kimya naogopa. Usimwambie baba."

Furaha iliyompanda Bi Futi ilikuwa ya aibu, na aliijua hivyo, lakini ilikuwa furaha. Kulikuwa na kitu ambacho mdogo wake hakuwa nacho katika rafu zake zote tatu. Ilitosha aseme, "Basi usiende," maneno mawili tu, na mtoto angelia kidogo, angekubali, na mambo yangekwisha kabla ya kufika kwenye tambarare. Maneno yalikuwa tayari yako ulimini. Gari lilipita kona, likapita nyingine.

"Utazoea," alisema.

Bi Futi aligeukia dirishani, kwa sababu hakutaka mtu yeyote, hata binti huyu, amwone uso.