Pampu Niliyoiwasha Kavu

Jamani, leo nimejidharau.

Sie wanafunzi wa mitambo tumepelekwa kituo cha maji, Temeke. Mzee Salumu, mwendeshaji wa siku zote, akachukua ndoo amimine maji kwenye pampu kabla ya kuiwasha.

Nikacheka. "Mzee, pampu ndiyo itupe maji, wewe unaipa?"

Nikaiwasha kavu.

Ikapiga kelele, ikafuka moshi, ikakwama. Na nje kina mama washapanga madebe bombani!

Bwana mkubwa wa Kizungu akaja mbio. "Nani kafanya hivi?"

Mzee akajibu, "Ni mie, bwana. Nimesahau kuijaza."

Akafukuzwa kazi palepale.

Mie kimya. Nyie mngesema?

Mzee akachukua kofia yake, akaninong'oneza: "Kesho ijaze kwanza, mwanangu."

Na asubuhi tulipofika, hata shikamoo sikumpa.