Karatasi Alizonisomea

Mnisamehe mwandiko huu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili.

Karibu na kwetu, huku mtaa wa Tena, Nairobi, kuna kibanda cha gemu. Kina televisheni nne, viti vya plastiki na pazia mlangoni. Karibu wote hucheza mpira, na anayefungwa humwachia mwenzake padi ya kuchezea. Mimi huona haya kushindwa mbele ya watu, kwa hivyo nilichagua gemu ambayo hakuna aliyeitaka. Ni ya msichana aliyeingia katika nyumba iliyojaa mizuka, mkononi ana kamera tu. Mzuka akija unampiga picha, lakini picha ya mbali haimuumizi. Lazima umngoje mpaka uso wake ujae kwenye kioo. Wengi hubonyeza mapema kwa woga. Mimi nilijua kungoja.

Nilicheza siku ambazo sikupata kibarua. Asubuhi nilisimama kwenye geti la kiwanda huko Industrial Area, na wasimamizi wakishachagua watu wao na kunipita, nilirudi kwa miguu. Rafiki yangu alikuwa akinisubiri kibandani. Tulikulia ploti moja, vyumba vya kupanga vya ua mmoja. Yeye alimaliza sekondari, mimi sikuenda. Katika nyumba ile ya gemu kuna karatasi zimetapakaa, zote za Kiingereza, herufi zimepindapinda. Nikifika neno la tatu, yeye alikuwa ameshamaliza. Basi tukagawana kazi: mimi nashika padi, yeye ananisomea kwa Kiswahili.

Ni yeye peke yake niliyewahi kumwambia habari za mama. Mama alifariki nikiwa mdogo. Picha yake ilikuwa moja tu. Iliwekwa juu ya jeneza tulipompeleka kumzika nyumbani, magharibi, na watu walipotawanyika hakuna aliyejua imeenda na nani. Sura yake nimeisahau. Hilo ndilo nililomwambia.

Kama wiki moja baadaye tulifika chumba chenye mwanamke wa nguo nyeupe. Tukaokota karatasi.

"Huyu anazunguka kwa sababu mtoto wake amesahau uso wake," rafiki yangu akasoma. "Akipigwa picha karibu kabisa, mara nyingi, uso utarudi."

Sikugeuka kumtazama. Nilishangaa tu kwamba mtu wa nchi ya mbali aliandika jambo langu.

Nilicheza chumba hicho karibu mwezi mzima. Nilimwacha mwanamke anikaribie mno, ananiua, naanza tena. Wakati mwingine, rafiki yangu akisoma, vijana wa mpira nyuma yangu walinyamaza. Nilidhani wanaogopa.

Siku moja kijana mgeni aliyekuwa akingoja zamu yake alisimama nyuma ya kiti changu. Rafiki yangu alikuwa amenisomea karatasi mpya, kwamba mwanamke anasema, mwanangu, sogea.

"Hapo hakuna mambo ya mama," mgeni akasema. "Imeandikwa mlango wa stoo umefungwa, ufunguo uko kisimani."

"We nyamaza bana," mmoja wa vijana akamwambia. "Usituharibie. Leo alikuwa karibu kulia."

"Msomee ile ya jeneza," mwingine akasema, na wote wakacheka. "Ile picha ikapotea."

Jeneza halikuwa kwenye karatasi yoyote niliyosomewa. Ndipo nikajua kwamba alikuwa amewaambia.

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anatabasamu, kisha akaacha.

"Ilikuwa stori tu, buda," akasema. "Na si ulikuwa unaipenda?"

Niliipenda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko chao. Niliweka padi juu ya kiti nikatoka, na sijaingia tena. Tukikutana ananiambia niaje, namjibu poa, kila mtu anaenda zake.

Lakini mwanamke yule yumo humo kweli, na sababu yake ya kuzunguka iliandikwa mahali. Mimi sikuwahi kuambiwa. Kama umecheza gemu hiyo na unasoma Kiingereza vizuri, niandikie zile karatasi zinasema nini. Usinitungie. Hata kama ni habari ya ufunguo tu, andika ufunguo. Nitasoma polepole, lakini nitamaliza.