Nilitengenezea Centre masanduku ya maiti, papier ilijua mesure moja tu

Bakubwa, jambo kwenu bote.

Niko muzee wa myaka kupita makumi tisa, naandika na kidole kimoja, munivumilie. Niliona hapa vijana banauliza namna gani muntu wa atelier, karakana kidogo, anaweza kuuzishia commune, baraza ya muji, bintu. Miye nilifanyaka ile kazi wakati ya Babeleji, muji ingali Élisabethville. Nitasema vile ilikuwa, sitaongeza chumvi.

Nilikuwa menuisier, seremala, kule Kamalondo. Kabati, vitanda, milango. Nilikuwa kijana, nimeoa mupya.

Siku moja bureau ya Centre, ile ilikuwa inatawala cité yetu ya Beusi, ikabandika tangazo. Inatafuta muntu wa kutengeneza masanduku ya kuzikia bale benye kufia hospitali na habana kitu.

Ateliers kubwa za bazungu hazikuitaka. Miye nikaitaka.

Munauliza papiers, ni karatasi gani? Patente ya kufanyia biashara, kodi ikiwa na muhuri, barua ya tabia njema. Na échantillon, maana yake sanduku moja la kuonyesha. Nililisukuma na pousse-pousse, mukokoteni, toka kwangu mpaka bureau. Njiani bantu banatoa kofia, banafanya alama ya musalaba. Nilisema hakuna muntu ndani, hakuna mwenye kuniamini.

Karani wa bureau, Dieudonné, muntu wa kwetu kaskazini, akalipima mara mbili.

"Mesure, kipimo, ni hii, moja tu. Usiongeze, usipunguze."

Nikasaini papier, mukataba wa mwaka mumoja. Sikuuliza kitu.

Miezi ya kwanza ilienda muzuri. Kila juma napeleka masanduku, Dieudonné anapima, anapiga muhuri, narudi.

Kisha asubuhi moja nilipeleka masanduku mpaka hospitali yenyewe, juu magasin, ghala ya bureau, ilikuwa imefungwa. Njo pale nilikuta mama mumoja wa Lukafu. Alikuya na mutoto mugonjwa, mutoto akafa. Hakuwa na ndugu hata mumoja mujini.

Balimuweka mutoto ndani ya sanduku yangu. Mesure ya muntu muzima.

Wakati banaume babili balinyanyua, tulisikia mutoto anatelemuka ndani, toka kichwa ya sanduku mpaka miguu.

Ule mama hakulia. Aliniangalia miye, juu nilikuwa na nyundo mukononi.

"Baba, ni weye ulitengeneza?"

"Ni miye, mama."

"Nafasi iko mingi sana. Atasikia baridi."

Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akajaza nacho pembeni ya mutoto. Haikutosha. Nikatoa koti yangu.

Siku ile sikufanya tena kazi. Bibi yangu, Mama Béatrice, aliniuliza koti iko wapi. Nilipomwambia, akasema: "Basi tengeneza ya kidogo. Nini inakushinda?"

Nikatengeneza tatu, na bipande vya mbao ya mulombwa vyenye kubakia kwa makabati. Nikapeleka bureau.

Dieudonné hakuzipima hata. "Hii haiko kwenye papier. Siwezi kuipokea."

"Batoto habafi?"

"Banakufa, ndugu yangu. Lakini kwenye papier habako."

Akanishauri niandike barua. Niliandika, yeye akanisahihisha kifaransa. Muzungu wa bureau akaniita, akanijibu nikiwa nimesimama: ngoja papier ya mwaka mwingine.

Basi nikangoja. Lakini kila juma, pamoja na masanduku ya bureau, nilikuwa naacha ya kidogo moja ao mbili kwa mulinzi wa chumba cha maiti. Bila bon, ile karatasi ya kupokelea, bila muhuri. Alikuwa anazipokea. Nilichoka, bakubwa. Hakuna kazi inachokesha kama kutengeneza kintu na kuomba kisitumike.

Mwaka ikaisha, tangazo mupya ikabandikwa. Nikasoma: mesure tatu. Ya muzima, ya kijana, ya mutoto. Barua yangu balikuwa baliisoma!

Chini yake, mustari mumoja: atelier iwe na mashini ya umeme.

Miye nilikuwa na musumeno wa mukono. Dieudonné aliona haya kuniangalia. Kazi ikaenda kwa muzungu mumoja mwenye mashini.

Kiisha myezi kidogo nilipita karibu na hospitali, nikaona banatoa sanduku ya kidogo. Mbao mubaya, misumari imepinda. Lakini banaume balipoinyanyua, hakuna kitu ilitikisika ndani. Nikasimama mpaka ikapita, kisha nikaenda kutafuta mbao za vitanda.

Somo yangu, mbele ya kusaini papier ya leta, maana yake serikali, enda kwanza kule kintu kitatumika. Angalia ni nani atakitumia. Ukiona papier inasahau muntu, sema siku ile ile, kalamu ingali mezani.

Benye mulishauzishia commune, semeni nanyi. Kwenu papier ilisahau nani?