Pijo ya Wakonyo Mlimani

Enzi hizo Uhuru ukiwa bado mchanga, pale Nyeri nani alijisumbua kutengeneza breki ya mkono? Ya nini, na mawe yapo? Kila gari la mzigo lilibeba jiwe lake, na likisimama mlimani utingo alikuwa ameshateremka kulisukumiza nyuma ya gurudumu. Pijo ya Gatimu, pikapu ya kijivu iliyopeleka kabeji za Kieni sokoni, ilikuwa na jiwe lililoitwa Karani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukaa tu.

Halafu Gatimu akavunjika mguu, akalazwa. Jamaa zake walikutana Jumapili baada ya kanisa, na mdogo wake Mathenge akajitolea kuendesha Pijo mpaka kaka yake apone. Kila mtu alimjua Mathenge. Baiskeli aliyoazima mwaka uliotangulia ilikuwa imerudi bila kiti. Wakonyo, mke wa Gatimu na mama wa Wacera, ambaye mumewe alikuwa amemfundisha usukani kwenye barabara ya Mweiga, akasema ataiendesha mwenyewe. Wazee walicheka. Walipoona yeye hacheki, wakakubaliana afanye mtihani wa udereva Ijumaa, na akishindwa, ufunguo uende kwa Mathenge.

Mtihani ulikuwa na mlima, na kwenye mtihani Karani hakuruhusiwa. Na Pijo ile ukivuta breki ya mkono hata mpini ukufikie kifuani, bado ilirudi nyuma polepole kama ng'ombe anayevutwa kwenda kuogeshwa dipu.

Wakonyo akaipeleka kwa fundi Kahiga, kwenye mikaratusi nyuma ya soko, mahali palipokuwa na harufu ya grisi na majani yaliyopondwa na magurudumu. Kahiga akasema atakaza waya tu, chai haitapoa kabla hajamaliza. Wakonyo alikuwa amemwona mumewe akiukaza waya huo mara nyingi, breki ikashika wiki moja, kisha mambo yakawa yale yale.

"Fungua dramu, Kahiga."

"Mama Wacera, hii dramu haijafunguliwa tangu gari ije."

"Basi leo ndiyo siku yake."

Kahiga akapiga jeki, akang'oa gurudumu, akaizunguka dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, kwa nyundo, ko, ko, ko, hadi ikatoka na pumzi ya vumbi jeusi. Ndani, zile shuu mbili zinazotanuka kuibana dramu zilikuwa zimelika hadi kwenye riveti, na riveti zimechora mifereji kwenye chuma. Kahiga akajikuna kichwa.

"Waya haisimamishi gari, mama. Waya inaita tu. Sasa hawa wanaoitwa wamekonda hivi, utaita mpaka koo ikauke."

Akazipigia shuu ngozi mpya kwa riveti, akaisugua dramu kwa msasa, akapambana na springi huku akiapa kwa Kigikuyu hata Wakonyo akatazama kando. Upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Akarekebisha shuu mpaka gurudumu likizungushwa likawa linakwaruza kidogo tu. Waya ulikuwa wa mwisho, akautoa kutu na kuupaka grisi.

Walipoijaribu mteremkoni, Pijo ilishika, kisha ikateleza upana wa kiganja. Kahiga akatazama juu kana kwamba kosa liko mawinguni. Akalifungua tena gurudumu la kushoto na kukuta ameweka shuu ya mbele mahali pa ile ya nyuma. Akazibadilisha kimya. Wakonyo naye akajifanya anatazama mikaratusi, na urafiki wao ukadumu.

Ijumaa Mathenge alikuja kumsindikiza, kofia ya dereva tayari kichwani.

"Usione haya, shemeji," alisema. "Hata wanaume wanaanguka hapo."

Katikati ya mlima afisa wa mtihani, aliyeketi kando yake, akamwambia Wakonyo asimame. Akateremka, akaweka kiberiti nyuma ya gurudumu, akarudi kuketi.

"Ukiponda hiyo, tutaonana mwezi ujao."

Wakonyo akavuta mpini. Alipotaka kuondoka, akaachilia klachi upesi mno. Injini ikatetemeka, ikazima.

Wanawake wenye mizigo ya kuni walisimama kutazama. Mathenge, aliyepanda nyuma ya pikapu, akakohoa. Wakonyo akangoja miti ianze kusogea mbele, kama ilivyosogea siku zote Pijo ikirudi nyuma. Haikusogea. Pijo ilikaa pale mlimani kama iko uani kwake. Akawasha tena, akakanyaga mafuta hadi injini ikanguruma, akalegeza mpini, akapanda.

Kule juu afisa aliteremka, akashuka kwa miguu kukifuata kiberiti. Akakigeuzageuza, akatoa njiti, akawasha sigara yake.

"Injini yako ilikufa, mama," akasema, "lakini gari haikurudi." Akatia sahihi.

Mathenge akavua kofia na kuitia mfukoni.

Mvua zilipoanza, Gatimu akatoka hospitali, na Wakonyo akaenda kumchukua. Tangu siku za kumfundisha mkewe, Gatimu hakuwa ameketi upande wa abiria ndani ya gari lake mwenyewe, na mikono hakujua aiweke wapi. Walipokaribia Mweiga ndipo akaituliza magotini, kama mtu aliye kanisani, akaanza kutazama mashamba.