X Nyekundu Ukingoni mwa Shimo

Mimi huokota mawe. Mume wangu huwaambia wageni kwamba wenzake wameoa wanawake wanaonunua vitenge, yeye ameoa anayejaza kokoto barazani. Nyumba yetu ya mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, ina ndoo za mawe hadi mlangoni, na mengi yametoka kwenye machimbo ya zamani ya udongo mweupe upande wa Kisarawe, ambako siku hizi hachimbi mtu.

Siingii shimo lolote bila kuuliza kwanza. Ardhi ya huku imeuzwa na kuuzwa tena, na mgeni mwenye nyundo hudhaniwa mwizi wa viwanja kabla hajafungua mdomo. Kwa hiyo nilikwenda mapema kwenye kijiji kimoja, sitakitaja, nikamwona mwenyekiti wa kitongoji, mzee mpole wa kanzu safi. Nilimweleza kwamba natafuta magogo ya kale yaliyogeuka mawe. Alicheka hadi akakohoa, akasema mawe hayana mwenyewe, tuje tu. Akachukua namba yangu ya simu, nami nikachukua yake. Nikamwomba awaarifu wanaokaa karibu na shimo, akasema atawatangazia msikitini Ijumaa.

Jumamosi nikaenda na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni fundi rangi. Mimi nilishuka shimoni. Yeye alibaki juu akizunguka ukingoni, na kila alipoona jiwe zito la kulirudia baadaye na bajaji alilitia alama kwa rangi iliyobaki kwenye mfuko wake wa kazi. Alama yenyewe ilikuwa X, na rangi ilikuwa nyekundu.

Anayeishi kando ya barabara ya Morogoro hahitaji maelezo. X nyekundu ikichorwa ukutani, nyumba hiyo inavunjwa. Na waliojenga ukingoni mwa shimo lile walikuwa wameshavunjiwa mara moja huko barabarani, wakahamia porini wakidhani wamepona. Shemeji alichora X kwenye jiwe kubwa lililoshikilia ukuta wa jiko la mmoja wao.

Nilisikia yowe la mwanamke, kisha miguu mingi. Nilipofika juu shemeji alikuwa chini, wanampiga kwa magongo na mateke, na mama mwenye jiko alikuwa na mchi. Niliuona ule mchi ukishuka kwenye taya lake. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama muhogo mkavu unapovunjwa. Nikamlalia juu. Nikapigwa mgongoni na kitu ambacho mpaka leo sikijui. Mwanamume mmoja alikuwa ameshatoa petroli kwenye pikipiki yake, ameitia kwenye chupa ya maji, na tayari alikuwa anatumwagia. Harufu ilinijaa kinywani. Nikapayuka waniitie mwenyekiti, yeye ndiye aliyeturuhusu.

Hapo wakasita. Mwenyekiti akaletwa. Wakamuuliza kama anatufahamu. Alinitazama, akaitazama chupa, akaitazama ile X.

"Siwajui," akasema. "Sijapata kuwaona."

Niliogopa, lakini hasira ilizidi woga. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikampigia.

Ikaita ndani ya mfuko wa kanzu yake. Aliiacha iite, na watu wote wakasikiliza. Mama mwenye jiko akauweka chini mchi, akamtia mkono mfukoni kama anavyomtia mtoto wake, akasoma kioo kwa sauti: "Mama wa Mawe." Yule wa chupa akageuka, akamwelekea mwenyekiti. Ndipo mzee akapata ulimi. Akasema sisi ni waokota mawe tu, ameturuhusu yeye, na Ijumaa alisahau kutangaza. Walimkunja kanzu shingoni na kumtikisa, lakini hawakumpiga. Mama yule akanisaidia kumpakia shemeji kwenye bajaji, huku analia na kunilaani kwa pamoja.

Shemeji alifungwa taya kwa nyaya, na jicho la kushoto halikurudi kuona. Fundi rangi mwenye jicho moja hakosi kazi, lakini hapandi tena ngazi ndefu.

Mwenyekiti alikuja Kibaha kumjulia hali, amebeba kuku na machungwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akaanza kueleza: "Ningesema nawajua, mwanangu, wangenichoma pamoja na nyinyi. Nina wajukuu."

Najua alisema kweli. Nilikuwepo, niliiona chupa ile. Nikasimama mbele yake nikamwamkia, kwa kuwa alipoingia nilikuwa sijamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha nikampiga kofi la uso, kwa nguvu zangu zote, mzee wa umri wa baba yangu. Kofia yake ikaangukia kando ya kitanda. Mume wangu alinidaka mikono akaanza kumwomba mzee radhi kwa niaba yangu. Shemeji hakuweza kusema. Alijiinua kwa kiwiko, akaitafuta kofia kwa jicho lake moja, akaiokota, akamrudishia mzee kichwani.

Ni shemeji aliyemsamehe. Mimi bado.